CPA ya Marekani: mimi nilikwama kwenye jina la babu

Haya wapendwa, habari za huko? Niko ndani ya gari, nje ya maktaba hapa Columbus, Ohio. Hita inaunguruma, mnivumilie. Saa kumi na moja naingia kubeba boksi, kwa hiyo leo hakuna mbwembwe, ni CPA tu, yaani leseni ya wahasibu.

Wengi mnaniuliza: "Kaka, nina CPA(T) ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu Tanzania, nikitua huko si naanza kazi?" Ndugu yangu, waajiri wataiheshimu, lakini kusaini ripoti ya ukaguzi huku kunataka leseni ya jimbo, na mtihani unaanza moja. Tangu Januari 2024 ni pepa 4. Tatu za lazima: ukaguzi, taarifa za fedha, kodi na sheria. Ya nne unachagua mwenyewe. Kila pepa saa 4, unaweza kufanya mojamoja. Kufaulu ni 75, na hiyo si asilimia, ni kipimo chao wenyewe. Kodi ndiyo inayonitoa jasho. VAT huku haipo kabisa, na mimi ile asilimia 18 nimeikariri mpaka ndotoni!

Ila kilichonikwamisha si kodi. Ni makaratasi.

Kwanza transkripti. Ilibidi chuo chenyewe kiitume kwa wanaotathmini vyeti, niliyokuja nayo mkononi haikufaa kitu. Mdogo wangu kaenda ofisi ya usajili mara 4, mara mwenye muhuri katoka, mara rudi Jumatatu. Wewe ambaye bado uko Dar, nenda sasa hivi ukalishughulikie.

Pili, jina. Cheti changu cha chuo kina majina mawili, langu na la baba. Nikajisajili hivyohivyo. Paspoti ina matatu, la mwisho la babu. Siku ya pepa nimefika nusu saa kabla, nimeshaweka simu kwenye kabati. Dada wa mapokezi kaangalia paspoti, kaangalia kibali changu cha kufanyia pepa, kaangalia tena paspoti. "Jina la ukoo hapa si hili." Nikamweleza habari za baba na babu, ananisikiliza kwa upole kabisa, na mlango haufunguki. Zaidi ya dola 200 zikaenda na maji. Kosa langu, kibali chenyewe kimeandikwa kwamba jina lifanane na kitambulisho.

Na hicho kibali kina saa yake. Majimbo mengi kinaishi miezi 6 tu. Jamaa yangu alilipia pepa zote 4 kwa mkupuo, akafanya 2, hizo nyingine zikamwozea. Lipia ile unayoisoma, basi. Mambo ya saa 150 za masomo ya chuo zinazotakiwa kwa leseni tutayaongea siku nyingine, maana majimbo mengine yameanza kulegeza.

Haya, boksi zinaniita. Pepa yangu ya kodi ni Alhamisi. Paspoti hii hapa kwenye dashibodi, kibali hiki hapa, na babu safari hii yumo.