Umenyamazisha jeni; protini umeipima?

Nitasema tena, na mkiniita kesho nitasema hilohilo: RNA fupi ya kunyamazisha jeni haigusi protini. Uzi wake wa nyukleotidi 21 unaongoza mkasi wa seli hadi kwenye RNA-jumbe, nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini; ujumbe unakatwa, basi. Protini iliyokwisha kutengenezwa imo mle ndani, inachapa kazi kama jana. Mwanafunzi aliniletea chati: ujumbe umeshuka asilimia 90 kwa saa 24. Nikamwuliza, protini je? Kimya. Tukaendesha jeli ya kutenganisha protini, tukaweka kingamwili ya kuionyesha ile tunayoitafuta. Mstari ukatoka mweusi tii: protini bado ipo tele. Ulianza kufifia saa ya 72.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, si itashuka tu?" Itashuka, ndiyo. Kwa kiasi gani? Kiasi hicho ndicho kinachogeuza jibu! Chukueni kimeng'enya USP7. Kazi yake ni kuvua yubikwitini, alama inayoipeleka protini kwenye proteasomu ikasagwe. Inaivua p53, protini inayozuia saratani. Inaivua pia MDM2, na MDM2 ndiyo inayoibandika p53 alama hiyo. Sasa punguza USP7 nusunusu: p53 imekosa mtetezi, inashuka. Iondoe karibu yote: MDM2 inasagwa kwanza, p53 imebaki bila adui, inapanda. Mwaka 2004 watafiti waliofuta jeni hiyo kabisa katika seli za saratani ya utumbo mpana waliiona p53 ikipanda, wakati wengi walitazamia ishuke. Jeni ileile, majibu mawili yanayopingana. Usipopima protini iliyobaki, utajuaje umesimama upande gani?

Na msinijibu kwamba hiyo ni USP7 peke yake. Binadamu tuna vimeng'enya vya E3, vinavyobandika alama hiyo kama MDM2, zaidi ya 600, na vya kuvua karibu 100, na vingi vinashikana mikono hivyohivyo.

Haraka sasa, muda unanikimbiza. Nyukleotidi ya 2 hadi ya 8 za uzi wa RNA yako zikilingana na ujumbe mwingine, nao utanyamazishwa bila wewe kujua. Kwa hiyo tumia RNA mbili zenye mfuatano tofauti, kisha rudisha jeni uliyobadilisha herufi zake pasipo kubadilisha protini, ili RNA yako isiikamate. Seli ikirudi hali yake, nitakuamini.

CRISPR, mbinu ya kukata jeni lenyewe kwenye DNA, naiacha. Itoshe kusema kwamba ukifuta kipande cha proteasomu ambacho seli haiwezi kuishi bila chenyewe, huna seli ya kuchunguza.

Aliyekuja na jeli yake ailete hapa mbele, tuitazame pamoja.