Mizani ya Mtu Asiye na Nyumba

Mbukwenyi! Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru wenyeji wetu walionipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi ninyi mliofunga maduka mapema mkaja kuketi hapa.

Mimi si mwanasheria wala mchungaji. Nauza nafaka hapa soko la Majengo, Dodoma, huu mwaka wa 22: mahindi ya Kibaigwa, mtama, uwele, na karanga zikiwa msimu. Kwa hiyo habari ya tunavyowatendea watu wasio na nyumba nitaiongea kwa lugha ya mizani, ambayo humu ndani wote tunaielewa.

Nianze na deni langu. Mwaka 2019, mwezi wa saba, fuso iliingia alfajiri na mzigo wangu, na makuli wangu wa siku zote hawakutokea, walikuwa msibani. Akaja kijana mmoja aliyekuwa akilala kwenye pagale nyuma ya stoo. Tukapatana shilingi 500 kwa gunia. Akashusha magunia 12, kilo 100 kila moja, peke yake, na upepo wa Julai hapa kwetu mnaujua unavyokata masikio. Alipomaliza akasimama mlangoni, vumbi la magunia limemkaa kwenye nyusi. Nikampa 3,000 badala ya 6,000. Nilijiambia, huyu nikimpa zote zitaishia kilabuni. Hakubishana. Alizihesabu mara mbili, akanitazama, akaondoka.

Mke wangu alikuwa kwenye mizani, ameona kila kitu. Akaniuliza, "Baba watoto, wale makuli wako wa kila siku ukishawalipa huwa wanakwenda wapi?" Sikumjibu. Wapo wanaokwenda kilabuni moja kwa moja, najua, na sijawahi kumkata nusu hata mmoja wao. Yule nilimkata kwa sababu hakuwa na pa kwenda kunishtaki. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Humu ndani hakuna asiyejua lumbesa. Sheria ya vipimo imeikataza, wakulima wanailalamikia kila msimu, na sisi wenyewe tunakiri kwamba kumfunga mkulima gunia la kilo 130 ukamlipa la 100 ni wizi. Basi mimi siku ile nilimfunga yule kijana lumbesa mgongoni.

Najua mtaniambia mnatoa. Ni kweli, Dodoma tunatoa. Ijumaa mistari mirefu mbele ya maduka, sarafu za mia na mia mbili zimeandaliwa kwenye kopo, na Jumapili vivyo hivyo kanisani. Siidharau sadaka, imewalisha watu wengi. Lakini sadaka naitoa nikipenda na nikiwa nacho. Ujira hauniulizi kama napenda. Dini zetu zote mbili zinatufundisha mfanyakazi alipwe siku ile ile, kabla jasho lake halijakauka, na hazikuongeza sharti kwamba awe na nyumba. Mtu unaweza kumpa mia mbili Ijumaa na umemdhulumu elfu tatu Jumatatu. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Na kuna dhuluma isiyo ya ujira. Juzi nilikuwa nakula kwa mama lishe mmoja, hapa hapa karibu. Akaingia mzee, noti ya 2,000 ameikunja mkononi, akaomba wali maharage. Yule dada wa kuhudumia hakuitazama ile noti. Akamwambia, "Baba, hapa hatutoi bure." Mzee akaikunjua noti akaionyesha. Akaambiwa basi asubiri nje afungiwe chakula chake. Alisimama juani mpaka wengine walioingia nyuma yake wakamaliza kula. Elfu mbili yake ilikuwa sawasawa na yangu, ina picha zile zile.

Mama lishe ninyi ni dada zangu, na hoja yenu naijua: wateja wengine watakimbia, kuna harufu. Sitaki kujifanya harufu haipo. Mtu asiye na bomba atanuka, hata mimi ningenuka. Lakini zile ndoo za koki tulizonunua wakati wa Corona mwaka 2020 ziko wapi? Zimejaa vumbi stoo. Irudishe mlangoni na kipande cha sabuni, kila mtu anawe, mwenye tai na asiye na viatu. Hujambagua yeyote, na umemwondolea mzee aibu. Vilevile choo cha kulipia. Mtu anatoa shilingi zake kama wengine, mlinzi anamwambia aende kule vichakani, halafu asubuhi sisi sisi tunalalamika kwamba watu hawa wanajisaidia nyuma ya maduka.

Tusiseme watu hawa wametoka wapi kana kwamba wameshuka kutoka mawinguni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hii. Ya 2022 ikakuta jiji lina 765,179. Serikali ilipohamia, vijana walikuja kutoka vijijini na mikoa jirani kubeba zege, kwenye mji wa Serikali kule Mtumba na kwingineko, na wengi walilala pale pale kwenye majengo waliyoyajenga. Jengo likiisha linafungwa, na kodi ya chumba imeshapanda. Wengine wamefukuzwa na ukame. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, ukikosa umekosa mwaka mzima.

Na sisi wa Ugogo hasa hatuna ruhusa ya kusahau. Wazee walituhadithia Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita humu yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Waliobaki walitangatanga kutafuta chakula. Babu zetu walikuwa watu wasio na nyumba, na hakuna hata mmoja aliyeipoteza kwa uvivu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana limenikaa sana. Tunawaita watoto wa mtaani, watu wa mtaani. Lakini nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukamtafutie mtu huyo barua ya utambulisho. Utaulizwa: mkazi wa mtaa gani? Nyumba namba ngapi? Balozi wake wa nyumba kumi nani? Mtu wa mtaani hana mtaa. Hana barua, kwa hiyo kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinamshinda. Hana NIDA, hasajili laini ya simu kwa alama za vidole. Hana laini, hana akaunti ya kupokelea pesa kwa simu. Akifanya kibarua tajiri anamwambia, "Nipe namba nikutumie," naye anataja namba ya mtu mwingine, na huyo mtu anakata chake. Au anakuja kwetu wenye maduka: "Mzee, niwekee hii elfu kumi."

Hapo ndipo tunapopimwa. Nimesikia wenzetu wanavyosema, nilimwekea akapotea wiki mbili nikajua hatarudi. Kama umekubali kuweka, weka. Chukua daftari, andika kiasi mbele ya macho yake, msomee, atie alama. Akirudi baada ya miezi miwili anakuta hela yake. Na kama unamfahamu kwa miaka, mtu anayefagia mbele ya duka lako kila asubuhi, wewe mwenye duka nenda naye kwa mtendaji wa mtaa ukamshuhudie. Neno lako kule lina uzito ambao lake halina.

Kuhusu mgambo nitasema kwa ufupi. Mtu akiiba, ita polisi, awe na nyumba au hana. Lakini kumwita mgambo amzoe mtu kwa sababu tu amekaa, hapana. Kanuni yetu ya Adhabu bado ina vifungu vya 176 na 177 vya wazembe na wazururaji, urithi wa mkoloni, na mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika na nchi zinapaswa kuzirekebisha. Na Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Wanaomwaga oili chafu barazani jioni ili mtu asipate pa kulala, naomba mfikirie ibara hiyo mnaposhika kopo. Usiku wa Juni hapa si mzaha. Kama hutaki alale, mwambie kwa mdomo, kama unavyomwambia mtu.

Watoto ni habari nyingine kabisa, msinielewe vibaya. Mtoto wa miaka kumi hastahili ujira mzuri wa kubeba gunia. Hastahili kubeba gunia. Usimpe kazi. Mpe chakula, kisha mwite afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Yule kijana wa magunia 12 nilimtafuta. Pagale lilishabomolewa. Nilipouliza kwa makuli nikashindwa hata kumweleza, maana sikuwahi kumuuliza jina. Elfu tatu yake ipo kwenye daftari, mstari wa juu, pasipo na jina.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuchukua rangi nyeusi na kuandika kwenye ukuta wa stoo, kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani: KUSHUSHA GUNIA 1, SH 500, MTU YEYOTE. Bei imeshabadilika mara mbili tangu hapo, nafuta naandika upya, ila yale maneno mawili ya mwisho sijayagusa. Naomba tulizungumze hilo la bei ya ukutani kabla hatujatawanyika, kama wenye stoo wengine mko tayari. Mama pale nyuma, nimeona mkono wako. Karibu.