Samaki hafi ila hazai

Assalaam aleikum jamani, asanteni kwa kuja, naona wengine mmetoka bwawani moja kwa moja, matope bado miguuni. Hapa Tanga ukisema mwani watu wanawaza ule wanaolima kina mama wa Mkinga, ule hauna kesi. Leo ni ule ukoga wa kijani unaotanda bwawani jua likikaza, maji yanakuwa kama mtu kamwaga rangi ya mlango, na upepo ukiusukuma pembeni unajikusanya mzito kama mlenda.

Mara nyingi kumbe ni bakteria, wapo wanaoitwa Mikrosistisi, wanatengeneza sumu ya mikrosistini. Sasa sisi wafugaji tunaangalia samaki wanaelea au hawaelei, hawaelei basi bwawa freshi. Hapo ndo tunapigwa.

Niwaulize, kiini cha yai la samaki kinapikwa wapi? (Sauti nyuma: tumboni!) Karibu kaka, ni kwenye ini. Ubongo unatuma homoni kwenye katezi kadogo chini yake, tezi inatuma zake kwenye ovari, ovari inatoa estrojeni, homoni ya kike, estrojeni inaenda kuliambia ini haya pika, ini linapika protini inaitwa vitelojenini, inasafiri na damu mpaka kwenye yai. Na mikrosistini kiungo inachokiandama kuliko vyote ni ini hilohilo. Yaani mwizi kaingilia jikoni.

Maabara walijaribu kwa zebrafishi, kasamaki ka mistari, majike waliokaa kwenye sumu hiyo wakataga mayai machache na homoni zikayumba, dozi hii zinapanda dozi ile zinashuka, ndo maana mtu akisema "inashusha homoni" akaishia hapo mimi simwelewi. Kuna jaribio vifaranga wa samaki haohao walipowekwa na Mikrosistisi wenyewe jeni za vitelojenini zikaamka, sumu tupu haikufanya hivyo, kwa hiyo mle kuna vitu vingine zaidi.

Jamaa yangu ana bwawa njia ya Muheza, samadi ya kuku anamwaga kama hana akili nzuri (ananisikia hapa, anisamehe). Tukavuta wavu nikashika jike la perege, si mnajua anaatamia mdomoni, nikamfungua mdomo, yakatoka mayai ya kuhesabu, badala ya njano iliyokolea mengi meupe kama mchele ulioloweka. Maji sikupima, siapi kwamba ni sumu, msongamano na joto navyo vinafanya hivyo. Ila nilikosa raha.

Na mrututu wa kuulia ukoga jamani, taratibu! Sumu nyingi imo ndani ya seli, ukiziua zote siku moja zinapasuka zinaimwaga majini, usiku oksijeni nayo inakata. Punguza samadi kwanza, ndo inayoulisha ukoga, maji badilisha kidogo kidogo. Samaki wa bwawa la hivyo utumbo na ini tupa, kuchemsha hakuiondoi.

(Mama hapo mbele anauliza, nimpe paka?)

Paka naye ana ini, mama.