Kutafuta Chanzo cha Joto katika Injini Kuukuu ya Boti: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Boti wa Dunga, Kisumu

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nitazungumzia zile injini za zamani za mipigo miwili, zinazofungwa nyuma ya boti, ambazo hupata moto kupita kiasi. Ninachotaka kuwashawishi ni kwamba fundi aifuate njia ya maji kuanzia chini kwenda juu, wala asianze na kile kilicho chepesi kufungua.

Injini hizi hazina rejeta. Maji ya ziwa huingia kwenye vitundu vya mguu wa injini. Pampu iliyo juu ya giaboksi, yenye impela, yaani kigurudumu cha mpira chenye mapanga, inayozungushwa na shafti, huyapandisha kwa bomba jembamba hadi kwenye bloku na hedi, kisha yanashuka na kutoka pamoja na moshi. Kiasi kidogo hutemwa nje kwa kijitundu, na huko ndiko kila nahodha hutupia jicho akishawasha. Kijitundu hicho huaminiwa mno. Maji yakikatika, huenda pampu ni nzima na kilichoziba ni kijitundu chenyewe, basi kichokoeni kwa waya kabla ya kushika spana. Yakitoka kwa nguvu nako, bado hamjathibitisha kwamba hedi inapoa, kwa sababu katika injini nyingi mkondo huo huchepuka kabla maji hayajazunguka kote.

Ghuba ya Winam, sehemu yetu ya Ziwa Victoria, ina kina kifupi na tope jingi, na gugumaji huja na upepo, kwa hiyo vitundu vya kuingizia maji vikaguliwe kwanza. Chumvi inayowahangaisha wenzetu wa Lamu sisi hatuna. Kinachotuumiza ni mchanga, ambao husaga impela na kuta za pampu.

Kwenye impela naomba tukae kidogo. Itoeni hata kama maji yanatoka, mkunje kila panga kwa kidole: mpira ukiwa mgumu, ukiwa na nyufa shinani, au mapanga yakiwa yamebaki yamejipinda kwa sababu injini ilikaa muda mrefu bila kazi, itupeni. Panga lililokatika halijapotea. Mara nyingi limepanda na maji likakwama kwenye bomba au ndani ya bloku, nalo litaendelea kuziba hata baada ya kuweka impela mpya, kwa hiyo litafuteni mpaka lipatikane. Pitisheni ukucha juu ya bamba la chuma lililo chini ya impela. Ukikwama kwenye mikwaruzo, bamba libadilishwe. Mnaporudisha, zungusheni shafti kuelekea upande wake wa kawaida huku mkishusha kifuniko, ili mapanga yajikunje inavyotakiwa, na mhakikishe kile kipande kidogo cha chuma kinachoishika impela kipo mahali pake, kwani kikidondoka shafti huzunguka peke yake.

Desturi ya kung'oa themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa siipendi hata kidogo. Injini isiyo nayo huwa baridi mno inapokwenda polepole, petroli haiungui vizuri na plagi hujaa masizi. Itumbukizeni kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mkapashe taratibu, mwone kama inafunguka karibu na kiwango kilichochapwa juu yake.

Pampu na themostati zikiwa nzima, fungueni hedi mkakague tope na gasketi, kisha kabureta, maana mchanganyiko wenye petroli kidogo pia huleta joto.

Nyingi za injini hizi hazina king'ora. Tone la maji likichemka papo hapo juu ya hedi, zimeni. Ziwa letu liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mvuke huanza kujikusanya ndani ya bloku mapema kuliko pwani. Na kwa kuwa alumini ya pistoni hutanuka karibu maradufu ya chuma cha silinda, injini iliyoachwa katika hali hiyo hushika, yaani pistoni hukwama ndani ya silinda.

Baada ya matengenezo, ijaribuni ndani ya pipa ambalo maji yake yameifunika pampu. Ikiwashwa kavu, impela mpya huharibika kwa sekunde chache, na mtalazimika kuushusha mguu upya.