Kwa nini damu ya matende huchukuliwa usiku

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Nilipokuwa kijana msaidizi katika timu iliyokuwa ikipima matende katika kijiji kimoja cha pwani, tulibisha hodi saa nne usiku kwenye nyumba ya mzee mmoja, naye akatuuliza, kwa upole lakini bila kutuonea haya, kwa nini damu yake isichukuliwe mchana kama damu ya mgonjwa mwingine yeyote. Nimelibeba swali hilo miaka yote, kwa sababu anayelijibu sawasawa huwa ameueleza karibu ugonjwa mzima.

Jibu lilianza kupatikana Amoy, bandari ya China ambayo leo huitwa Xiamen, kwa kazi ya daktari Mskoti, Patrick Manson. Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamnyonye mtunza bustani wake, ambaye damu yake ilikuwa na vijinyoo vya filaria, yaani watoto wa minyoo inayoleta matende, kisha akawapasua mbu wale walioshiba, siku baada ya siku, akaviona vijinyoo vikitoka tumboni mwa mbu na kukua katika misuli ya kifua chake. Ndiye pia aliyeonyesha kwamba vijinyoo hivyo hujaa katika damu ya ngozini usiku wa manane na kutoweka kunapopambazuka. Miaka mingi baadaye alivikuta vimejikusanya katika mapafu ya mgonjwa aliyefariki asubuhi, ambako hujificha mchana. Lakini alidhani kwamba mbu hufia majini na kwamba watu huambukizwa kwa kuyanywa maji hayo, hadi mwaka 1900 George Carmichael Low alipovikuta vijinyoo ndani ya mdomo wa mbu, tayari kumwingia mtu anayeumwa na mbu huyo.

Ukiweka tone la damu ya usiku chini ya darubini kabla halijakauka, huoni kwanza kijinyoo chenyewe. Unaona chembe nyekundu zikisukumwa huku na huku kama majani ambayo nyoka anapita chini yake. Urefu wa kijinyoo ni kama robo ya milimita. Wazazi wake, minyoo iliyokomaa, wamo katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili katika damu, ambako huishi miaka kadhaa wakiiharibu, na hapo ndipo yanapotoka matende ya miguu na mabusha ambayo wanaume wengi wa pwani wameyaficha chini ya kikoi kwa aibu, wengine wakiambiwa wamerogwa.

Katika miji yetu ya pwani na baadhi ya vijiji, mbu mkuu wa ugonjwa huu ni kuleksi, anayeuma usiku, saa zile zile ambazo vijinyoo vimepanda ngozini, na ambaye hupenda kuzaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Kwa hiyo napenda sana kazi iliyofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako watafiti, akiwamo Chris Curtis wa London, walimwaga chembe za polistirini, plastiki nyepesi inayoelea, katika vyoo vyenye maji, huku wanakijiji wakipewa dawa ya matende. Chembe hizo husafirishwa zikiwa ndogo kama mchanga, kisha huchemshwa zikafura. Zikielea hufunika maji yote, viluwiluwi wakakosa hewa na mbu jike akakosa pa kutaga. Mbu walipungua mno na maambukizi yakaendelea kushuka, ilhali katika kijiji cha kulinganisha, kilichopewa dawa bila kushughulikiwa vyoo vyake, yalianza kurudi.

Kuanzia mwaka 2001 Zanzibar iligawa dawa za ivermektini na albendazoli visiwani kote mara moja kwa mwaka, na hiyo ni kazi kubwa ya kujivunia. Hata hivyo, naona tumelisahau shimo la choo mapema mno, kwa maana dawa hizo huviua vijinyoo vya damuni, lakini wazazi wao wengi hubaki hai, na mbu aliyeachwa chooni yu tayari kuvipokea vitakavyozaliwa.

Na kwa mwenye mguu uliokwisha kuvimba, vidonge pekee havitoshi. Mguu huo uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe taratibu hadi katikati ya vidole, ambako mipasuko midogo huingiza vijidudu na kuleta homa, kisha uinuliwe wakati wa kupumzika. Na mwenye busha apelekwe kwa daktari wa upasuaji, kwa maana hilo linatibika.