Jicho Moja, Nyekundu Mbili

KENDI: Karibuni tena. Juma yupo, Otieno yupo kwenye mitambo, na mimi wiki hii nimeshinda hospitalini. Binti wa dada yangu, yule wa Umoja aliyetuimbia Krismasi, jicho la kushoto limeingia ukungu. Akilizungusha, linauma.

JUMA: Pole sana. Si ana miaka 12 tu?

KENDI: Kumi na mbili. Shuleni wakasema anakwepa mtihani. Dukani wakamuuzia miwani. Daktari wa macho ndiye aliyechukua kifuniko chekundu cha soda, akamfunika jicho moja, kisha la pili. La kulia likaona nyekundu. La kushoto, akasema, “imepauka, kama nguo iliyofuliwa sana.”

JUMA: Kama sweta yako hiyo.

KENDI: Sweta yangu ni nyekundu!

JUMA: Maruni, Kendi. Otieno, funika jicho la kulia utuambie.

KENDI: Otieno anatikisa kichwa. Juma, baba Zawadi, usiniharibie kipindi. Hicho kipimo kina maana: neva ya jicho ikivimba, nyekundu ndiyo rangi inayofifia mapema. Hapo ndipo daktari alipotaja MS, maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili inashambulia mayelini, utando unaozifunika neva za ubongo, macho na uti wa mgongo. Majibu ya MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ubongo, bado.

JUMA: Mimi nilijua ni ugonjwa wa watu wazima.

KENDI: Wengi wao, ndiyo. Atlasi ya shirikisho la kimataifa la MS ya mwaka 2020 ilihesabu wagonjwa milioni 2.8 duniani, na kati yao watoto na vijana wa chini ya miaka 18 wasiopungua 30,000.

JUMA: Hata wawili katika mia hawafiki. Lakini nimesoma pia tatu hadi tano.

KENDI: Ni hesabu mbili. Ile ya kwanza ni ya walio watoto leo. Hiyo yako ni ya watu ambao ugonjwa uliwaanza kabla ya miaka 18, wengi sasa ni wazazi. Kabla ya miaka 10 ni nadra zaidi, hata mmoja katika mia hafiki. Wakishabalehe, wasichana wanawapita wavulana mara mbili au tatu.

JUMA: Otieno anasema wasikilizaji wameanza kupiga kura. Maruni inaongoza.

KENDI: Hawaioni sweta!

JUMA: Wanakujua. Sasa sikiliza, dada yangu, mimi hapa nina shida. Ugonjwa huu unazidi kadiri unavyoenda mbali na ikweta, na sisi ikweta inapita kwetu Nanyuki. Mzazi wa Kayole akikusikia atauza ng'ombe wa shosho alipie MRI, kumbe mtoto anahitaji miwani.

KENDI: Aliyepewa miwani ndiye nimetoka kumuuguza! Na huko kwenye ikweta nani amehesabu? Pasipo mashine wala daktari wa neva za watoto, mtoto haingii kwenye hesabu yoyote.

JUMA: Kutohesabiwa hakuthibitishi kwamba wapo wengi.

KENDI: Wala hakuthibitishi kwamba ni wachache. Mtoto mwenye jicho kama lile apigwe picha ya ubongo.

JUMA: Aanze kwa daktari wa macho. Si lazima kila mmoja afike kwenye MRI. Hata shambulio la kwanza huenda lisiwe MS. Kuna watoto wanaovimba ubongo mara moja, wakapona, na halirudi tena.

KENDI: Na kuna ambao linarudi. Kwa watoto wenye MS linarudi mara nyingi kuliko kwa watu wazima, ndiyo maana kungoja kunaniogopesha. Dawa zipo. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha fingolimodi kwa watoto wa kuanzia miaka 10.

JUMA: Dawa za huko, bei za huko. Mimi sibanduki: usiwatie wazazi hofu ya ugonjwa nadra.

KENDI: Nami sibanduki. Nadra ni neno la mtu ambaye halijamfika.

JUMA: Hapo umenionea, Kendi. Zawadi wangu pia ana macho.

KENDI: Najua. Lakini sirudishi neno.

JUMA: Otieno anaonyesha dakika moja.

KENDI: Na tulipanga maswali matano ya kumuuliza daktari!

JUMA: Hata la kwanza hatujalisoma.

KENDI: Basi moja tu: jicho la mtoto likififia huku linauma, mpelekeni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, msiishie dukani.

JUMA: Hilo sikatai. MRI ndiyo nakataa.

KENDI: Na mimi naitaka.

JUMA: Kura imefungwa. Maruni.

KENDI: Otieno, zima.