Wiki mbili zinatosha kutuonyesha

Wauguzi, waganga wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, karibuni.

Sisi tuliosomea kazi hii zamani tulifundishwa kwamba dawa za saikosi, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, hukawia: mpe mgonjwa haloperidoli, ngoja wiki tatu au nne ndipo uone. Nami nimewaambia akina mama wengi, "Vuta subira, mama." Mwaka 2003 Ofer Agid na wenzake wa Toronto walilipima fundisho hilo, likaanguka. Nafuu ya wiki mbili za kwanza ilizidi ya wiki mbili zilizofuata.

Mwaka 2015 Myrto Samara na wenzake wa Munich wakakusanya tafiti 34. Katika kila wagonjwa kumi ambao dalili zao hazikupungua hata asilimia 20 kufikia wiki ya pili, tisa hivi hawakuja kupata nafuu ya maana kwa dawa ileile.

Hiyo asilimia 20 tunaipataje? Kipimo cha PANSS, tunachotumia kuzipa alama dalili za mgonjwa, kina vipengele 30, kila kimoja alama 1 hadi 7. Asiye na dalili yoyote bado ana 30, basi ziondoe kwanza. Aliyeanza na 90 ana 60 za ugonjwa. Akifika 78 ameshusha 12, ndiyo asilimia 20 yenyewe. Wengi hukosea hapa.

Simaanishi dawa ibadilishwe siku ya 14 asubuhi. Uliza kwanza: kameza kweli, au vidonge viko chini ya godoro? Dozi inatosha? Bangi je? Yakiwa sawa na hali haijasogea, usimwache miezi sita.

Dawa mbili zikishindwa, kila moja kwa dozi kamili na wiki sita, iko klozapini. Daktari John Kane wa Marekani alionyesha mwaka 1988: katika wagonjwa sugu, asilimia 30 waliitikia, dhidi ya 4 kwa klopromazini, dawa ya zamani ya saikosi. Inadai kupima damu mara kwa mara, kwani yaweza kushusha chembe nyeupe.

Faili nyingi ninazofungua zimeandikwa "ana nafuu kidogo." Kuliko lini? Nawaomba, andikeni alama siku anayolazwa, kabla ya kidonge cha kwanza. Na wewe mzazi, andika nyumbani: kalala saa ngapi, kala, bado anajibizana na sauti? Njoo na daftari hilo wiki ya pili.